Kinanda na Mtu Mzima: Hesabu ya Kila Juma

(Haya ni mazungumzo ya mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa tawi, Kisiwani Mombasa. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamuni siku hiyo wasiweze kuhudhuria.)



Nimepewa dakika ishirini niseme juu ya jambo ambalo wengi wenu mmelisikia kwa masikio kabla ya kuelezwa kwa maneno. Kila Alhamisi jioni, mtu apitaye chini ya madirisha ya ofisi yetu husikia kinanda kikipanda, kikishuka, kikikwama, kisha kikirudi nyuma na kuanza tena pale pale. Wengine mmecheka. Si kitu, hata sisi tulio ndani hucheka. Lakini katika mkutano uliopita ililetwa hoja ya maana, nayo yataka jibu la maana. Hoja yenyewe ni hii: chumba cha juu ni mali ya wanachama wote, na jioni moja ya kila juma kimeshikwa na watu wazima kumi na mmoja, wenye watoto na wengine wenye wajukuu, wanaojifunza kupiga kinanda. Chumba hicho kingeweza kukodishwa, fedha zikaingia katika mfuko wa tawi. Je, chama cha wafanyakazi kina haja gani na kinanda?

Sikuja kuomba huruma. Nimekuja kutoa hesabu, kama ilivyo desturi ya chama, kisha ninyi ndio mtakaokata shauri.

Tuelewane kwanza juu ya neno. Nikisema kinanda nakusudia piano na jamaa zake, maana sisi Waswahili neno hili tumelitumia kwa mengi: kwa ala za nyuzi, kwa ogani ya kanisani, hata kwa gramafoni. Chumbani mwetu mna vinanda viwili: kimoja ni piano ya zamani ya mbao, iliyosimama ukutani, na cha pili ni kinanda cha umeme ambacho tulikinunua kwa kuchangishana.

KINANDA NI CHA NANI?

Nimesikia ikisemwa kwamba piano ni kitu cha mabwana wakubwa, na ya kwamba mfanyakazi anayeitaka anajipandisha mahali pasipo pake. Ndugu zangu, hebu tuitazame historia.

Piano ilibuniwa huko Florence, Italia, mnamo mwaka 1700, na fundi mmoja jina lake Bartolomeo Cristofori. Vinanda vingi vya kabla yake vilikuwa vikidonoa nyuzi, na sauti haikuzidi wala kupungua hata ukibonyeza kwa nguvu namna gani. Cristofori alitia nyundo ndogo ndani. Ukibonyeza kibao, nyundo huruka ikaupiga uzi na kuanguka papo hapo ili uzi uachwe ulie. Ukibonyeza pole hulia pole. Ukibonyeza kwa nguvu hulia kwa nguvu. Piano ya kawaida ina vibao 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, na nyuzi zaidi ya mia mbili. Kwa hiyo si chombo cha uchawi wala cha usultani. Ni mashine, na sisi twazijua mashine.

Sasa sikilizeni jambo linalotuhusu hasa. Vibao vile vyeupe, kwa miaka mingi, vilifunikwa kwa pembe za ndovu. Na pembe hizo zilitoka wapi? Katika karne ya 19 nyingi zilitoka bara ya nchi zetu, zikaletwa pwani mabegani mwa wapagazi, safari ya miezi, kisha zikapakiwa merikebuni. Sehemu kubwa ilikwenda Marekani, katika jimbo la Connecticut, kwenye miji miwili midogo: Deep River, na wa pili ukaitwa Ivoryton, maana yake mji wa pembe. Huko, katika viwanda vya Pratt, Read na vya Comstock, Cheney, pembe zilipasuliwa vigamba vyembamba kama ukucha, vikaanikwa juani chini ya vioo hata vikawa vyeupe, kisha vikabandikwa juu ya vibao vya piano. Jino moja kubwa liliweza kufunika vinanda makumi.

Basi katika kila nyumba ya kitajiri ya Marekani ambamo binti aliketi sebuleni akapiga piano, vidole vyake viligusa mzigo uliobebwa na mtu wa kwetu. Na mpagazi yule hakupata kamwe kukisikia kinanda alichokibeba. Alilipwa nguo au shanga, au hakulipwa kitu, na wengi walifia njiani. Namshukuru Mungu kwamba biashara ile imekwisha: mwaka 1989 Kenya ilichoma tani 12 za pembe huko Nairobi, na mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kuipiga marufuku biashara hiyo ulimwenguni. Vibao vya leo ni vya plastiki. Lakini mtu asiniambie ya kwamba kinanda si chetu. Tulikwisha kukilipia, tena kwa mabega. Kilichobaki ni kukaa mbele yake.

WATU WAZIMA WA MOMBASA WALIKWISHA KUJIFUNZA

Hoja ya pili ni ya umri. Mzee mmoja ambaye namheshimu sana aliniambia barazani, "Mwanangu, samaki mkunje angali mbichi." Nilimjibu kwa adabu, "Kweli, mzee wangu. Lakini kila mpishi wa Mombasa ajua kwamba ng'onda naye hulowekwa, akalainika, na mchuzi wake ukawa mtamu." Akacheka, akasema, "Haya, jilowekeni."

Mji huu una historia ndefu ya watu wazima kujifunza muziki baada ya kazi. Tangu miaka ya 1890 palikuwa na ngoma ya Beni hapa pwani. Vijana na watu wazima waliunda vyama vyao, wakanunua matarumbeta na ngoma za kizungu, wakajifunza wenyewe kwa wenyewe kwa kusikiliza na kujaribu, wakashindana mitaani. Mombasa ilikuwa na vyama kama Kingi na Scotchi. Hapakuwa na shule iliyowafundisha. Palikuwa na mpango, na viongozi, na mchango, na zamu ya mazoezi. Nani hapa haoni kwamba hayo ndiyo mambo ya chama?

Tazameni pia taarabu. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, katika nyumba ya wafinyanzi. Alihamia mjini mnamo mwaka 1911, mtu mzima wa miaka kama thelathini, na ndipo alipofundishwa uimbaji wa taarabu na kukaa na wapigaji. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri, akajulikana pwani nzima. Kama angeamini kwamba umri umempita, tungelikosa mengi.

Na hapa kwetu, nani hajasikia taishokoto katika nyimbo za Bi Zuhura Swaleh? Chombo kile kilibuniwa Japani mwaka 1912, kina nyuzi na vibonyezo kama vya mashine ya taipu. Hakuna aliyezaliwa Mombasa akakikuta kitandani. Kilifika kwa bahari, watu wakakichezea, wakakizoea, wakakitia katika taarabu mpaka kikawa kama chetu. Huko Unguja, tangu mwaka 2001, kulianzishwa chuo cha muziki cha nchi za majahazi, nacho kikafundisha udi, kanuni, fidla na akodioni kwa wakubwa na wadogo. Basi sisi hatukuzua jambo. Tumefuata nyayo.

HESABU YA KILA JUMA

Sasa nieleze kazi yenyewe ya Alhamisi.

Tukishaketi, kabla ya mtu yeyote kugusa kinanda, kila mmoja hutoa hesabu yake. Hutakiwa kusema mambo matatu tu. La kwanza: juma hili nimekaa kufanya mazoezi siku ngapi, na dakika ngapi kila siku. La pili: ni kitu gani ninachokiweza leo ambacho Alhamisi iliyopita sikukiweza. La tatu: ni kitu gani kimenishinda. Katibu huandika katika daftari. Mtu akisema, "Sikupata nafasi," haachiwi hapo, huulizwa, "Nafasi yako ilichukuliwa na nini?" Haulizwi ili aaibishwe. Mara nyingi jibu huwa ni zamu mbili mfululizo, au mgonjwa nyumbani, nasi twamsaidia kupanga. Lakini mara nyingine jibu huwa ni simu yake mwenyewe mkononi mpaka saa sita ya usiku, naye hucheka na kuelewa.

Nawapeni mifano, bila ya kutaja majina.

Mwenzetu mmoja ni dereva wa kreni. Kazini mkono wake hushusha sanduku la tani ishirini kama anayelaza mtoto. Lakini kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikataa kabisa kutii. Majuma matatu hesabu yake ilikuwa moja: "Kipande kile kile, kidole kile kile." Mwalimu wetu, ambaye alipiga ogani kanisani kwa miaka mingi, akamwambia: acha mkono wa kulia upumzike; piga mkono wa kushoto peke yake, pole kuliko unavyoona aibu, mara tano bila kosa, kisha funika kinanda ukalale. Juma la nne alikuja, akakaa, kipande kikapita. Chumba kizima tulipiga makofi. Mambo manne madogo, vidole vitano, majuma manne. Na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepandishwa cheo.

Mwingine ni mama anayepika chakula cha wafanyakazi. Nyumbani hana kinanda wala mahali pa kukiweka. Alichora vibao juu ya kipande cha katoni kwa vipimo vya kweli. Atakaye kufanya hivyo na aandike: vibao saba vyeupe vilivyofuatana vina upana wa kama sentimita 16 na nusu. Maharagwe yakichemka, yeye hukaa mbele ya katoni yake akapitisha vidole. Hapana sauti, lakini vidole vinajifunza njia, na akija Alhamisi hushangaza watu. Bwana mmoja mwenye kinanda nyumbani alipoona hesabu ya mama yule, siku sita kati ya saba, juma lililofuata naye alileta siku tano. Hilo ndilo fungu la maana la kukaa pamoja. Mtu akiwa peke yake hujidanganya kwa urahisi. Mbele ya wenzake ni vigumu.

Wa tatu ni karani mstaafu, umri wake miaka 61, ambaye zamani alikuwa akikata stensili za karatasi kama hizi zetu. Vidole vyake kumi ni vyepesi kuliko vyetu sote. Lakini mashine ya taipu haijali ukibonyeza kwa upole au kwa hasira; herufi ni ile ile. Piano yajali. Hesabu yake kwa miezi miwili ilikuwa hiyo: najifunza kubonyeza pole. Siku moja alituambia kwamba hata nyumbani wameona tofauti, hafungi tena milango kwa kishindo.

Na yuko mlinzi wa usiku, ambaye hana dakika kumi na tano za mchana bila usingizi. Yeye hupiga mapigo kwa vidole juu ya paja langoni, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, na kusoma noti katika kitabu kwa mwanga wa taa. Hesabu yake ni ndogo, lakini haijakosa kutolewa hata Alhamisi moja.

Katika daftari hilo tumejifunza mambo matatu, nanyi mwaweza kuyatumia hata katika kazi nyingine. Kwanza, robo saa kila siku hushinda saa mbili za Jumapili. Haba na haba hujaza kibaba, nayo si methali ya unga tu. Pili, usianze kila siku kutoka mwanzo. Mtu hupenda kuanza pale anapopaweza, akafika penye shida, akachoka. Basi mwanzo hung'aa na mwisho hubaki giza. Anza penye shida. Tatu, mtu mzima ana taabu ambayo mtoto hana: masikio yake yamekwisha komaa, ajua muziki mzuri ulivyo, hivyo kila kosa lake analisikia kabla ya jirani. Mtoto hapati uchungu huo. Lakini uchungu huo ndio mwalimu wake. Anayesikia kosa amekwisha kulipata nusu ya sahihisho.

KUPIGA MBELE YA WATU

Kila baada ya miezi mitatu twafanya maonyesho madogo. Huja jamaa zetu na wanachama wapendao, na kila mwanafunzi hupiga kipande kimoja. Hapana kiingilio.

Wapo kati yetu waliosimama mbele ya maelfu wakati wa mgomo wakasema bila ya kutetemeka, lakini mbele ya piano na watu ishirini magoti yao yaligongana. Sababu twaijua sasa. Katika hotuba ukisahau neno utatia jingine. Katika kinanda kila mtu chumbani asikia kwamba sauti ile si yake.

Onyesho la kwanza lilitupa somo ambalo mpaka leo twalisimulia. Mwenzetu mmoja, dereva wa tuktuk, alichagua kupiga wimbo wa taifa. Alichagua vizuri, maana ni wimbo unaojulikana na wote, tena una asili ya pwani: mwaka 1963 kamati ya watu watano iliutengeneza kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Lakini jambo moja hakuna aliyelikumbuka. Alipopiga sauti za mwanzo, watu wote walisimama, kama ipasavyo. Akafika katikati, akakwama. Watu wakabaki wamesimama. Akarudi mwanzo. Wamesimama. Akakwama tena pale pale. Bibi yake mzee, mwenye magoti mabovu, alikuwa amejishikilia kwenye kiti cha mbele, macho hayabanduki kwa mjukuu. Hapana aliyecheka wala aliyekaa. Mara ya tatu alipunguza mwendo, akapita penye shida sauti moja moja, akamaliza. Makofi yaliyopigwa siku ile sikupata kuyasikia kwa wapigaji mashuhuri. Yule bibi alisema, "Leo nimesimama kwa ajili ya Kenya na kwa ajili yako, na zote mbili ni haki."

Tangu siku ile tumeweka desturi tatu za onyesho. Mtu hupiga kipande alichokiweza majuma mawili kabla, si kile alichokimaliza jana usiku. Akikwama haruhusiwi kurudi mwanzo. Achague mapema mahali patatu pa kushikilia, kama vituo vya matatu, na akianguka apande kituo cha mbele. Na wimbo wa taifa huwa wa mwisho, wakati watu wamekwisha kupumzika vya kutosha.

Wako wawili miongoni mwetu watakaokwenda mbele zaidi. Kuna mitihani ya muziki ya bodi ya Uingereza iliyoundwa mwaka 1889, yenye madaraja manane, ambayo hufanywa hapa Kenya pia, nako Nairobi kuna chuo cha muziki tangu mwaka 1944. Mtu mzima hakatazwi kukaa katika mtihani wa daraja la kwanza pamoja na watoto wa miaka minane. Twawatakia heri. Lakini wengi wetu hatutafuti cheti.

MAJIRANI, HEWA NA GHARAMA

Nagusia kwa ufupi mambo yaliyolalamikiwa.

Juu ya majirani: Mji wa Kale ni nyumba juu ya nyumba, na vichochoro vyake hupeleka sauti mbali. Wako pia watu wa dini wasioona vema kupigwa ala, nasi hatubishani nao. Twaishi nao kwa heshima. Adhana ikisikika kifuniko hufungwa. Mwezi wa Ramadhani hatukutani usiku. Baada ya saa tatu ya usiku hutumika kile kinanda cha umeme peke yake, kwa visikilizio vya masikioni.

Juu ya hewa: kinanda cha mbao Mombasa ni kama mtu mwenye pumu. Wakati wa masika ubao wake wa ndani hunywa unyevu ukavimba, na sauti hupanda. Kiangazi ukikauka, hushuka. Chumvi ya bahari hula nyuzi. Tumekiondoa karibu na dirisha, tumekitenga na ukuta, na ndani yake chini tumewasha taa ndogo ili ikaushe hewa. Fundi wa kulinganisha sauti huja mara mbili kwa mwaka.

Juu ya gharama: fundi, taa na umeme wa Alhamisi vyalipwa na mchango wetu sisi kumi na mmoja. Mfuko wa tawi haujatoa hata senti moja. Daftari la fedha liko hapa mezani, atakaye alisome.

MKATE WA WAPIGAJI

Sasa nafikia jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote.

Mpigaji muziki ni mfanyakazi. Anayepiga kinanda arusini usiku kucha, anayepiga hotelini watalii wakila, anauza jasho lake kama sisi. Mara nyingi hana mkataba, hana bima, hana siku ya kuugua. Mwaka jana mwenzetu mmoja alipoanza kupiga vizuri, aliitwa na hoteli moja. Aliambiwa aje Jumamosi apige saa tatu, apewe chakula cha jioni na nauli. Alifurahi, kama mtu yeyote angefurahi. Alhamisi alitoa habari hiyo katika hesabu yake. Katibu akamwuliza swali moja: "Na kabla yako alikuwa akipiga nani?" Akaenda kuuliza. Kumbe palikuwa na mpigaji wa siku zote, mwenye watoto wanne, aliyekuwa ameomba nyongeza akaambiwa apumzike kidogo.

Ndugu zangu, ninyi mnalijua jina la mtu anayekaa katika kiti cha mwenzake aliyedai haki. Mwenzetu alikataa. Nasi tukaandika katika daftari kanuni isiyoondoka: mwanafunzi wa kundi hili hapigi bure, wala kwa sahani ya pilau, mahali ambapo mpigaji wa kazi angelipwa. Apige nyumbani, apige kwa wagonjwa, apige kanisani kwake au katika maonyesho yetu. Lakini furaha yetu isiwe njaa ya mwingine.

Na hapa ndipo naona jibu la ile hoja ya mwanzo. Kundi hili lingelikaa katika shule ya mtu binafsi, lingejifunza vidole tu. Kwa kuwa linakaa ndani ya nyumba ya chama, limejifunza vidole na limejifunza pia kuuliza, kabla yangu alikuwa nani?

HAKI YA SAA ZILIZOBAKI

Mwaka 1947 wafanyakazi wa mji huu walikusanyika katika kiwanja walichokiita Kiwanja cha Maskini, wakagoma kwa siku kumi na zaidi. Walitaka mshahara wa kutosha kuishi. Kuishi ni nini? Je, ni kula na kulala ili kesho urudi kazini? Punda naye hufanyiwa hivyo. Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 24, lasema kila mtu ana haki ya kupumzika na ya kuwa na wakati wake mwenyewe, na saa za kazi ziwe na kiasi. Na kifungu cha 27 chasema kila mtu ana haki ya kushiriki katika utamaduni wa jamii yake na kufurahia sanaa. Vyama vyetu vimepigania sana kile cha kwanza. Lakini ukimpa mtu saa zake kisha hana pa kuzitumia, saa hizo zitachukuliwa na kilevi na simu.

Mimi nimewaona watu kumi na mmoja waliokuwa wakitoka kazini wakiwa kama magunia matupu. Leo siku ya Alhamisi hutembea kwa haraka. Wana neno la kuwaambia watoto wao nyumbani lisilohusu bei ya unga. Mtoto amwona baba yake akikosea, akirudia, akikosea, akirudia. Na hilo ni somo ambalo mtoto hapewi na shule yoyote.

Basi, Bwana Mwenyekiti, naleta mbele ya mkutano maombi manne:

1. Chumba cha juu kiendelee kuwa cha wanafunzi wa kinanda kila Alhamisi jioni kwa mwaka mmoja, kisha hesabu iletwe tena hapa.

2. Gharama zote za kinanda ziendelee kulipwa na wanafunzi wenyewe, na daftari likaguliwe na mweka hazina wa tawi.

3. Nafasi nne zaidi zifunguliwe kwa wanachama, na mbili kati yake wapewe wanawake au wafanyakazi wa zamu za usiku, tukiwapangia saa yao.

4. Kanuni ya mkate wa wapigaji ikubaliwe kuwa kanuni ya tawi zima: chama chetu kikifanya sherehe na kutaka muziki, kimwite mpigaji wa kazi na kumlipa ujira wake kamili.

Wasiotaka kinanda hawalazimishwi. Wenye kutaka chumba kikodishwe, fikra yao si mbaya, maana wanautazama mfuko wetu. Nawaomba tu wapime: kodi ya jioni moja ni kiasi gani, na daftari lile la hesabu ni kiasi gani. Wakishapima, wainue mikono kwa dhamiri zao.

Umoja ni nguvu.

(Baada ya mazungumzo haya maombi ya 1, 2 na 4 yalikubaliwa kwa kura. Ombi la 3 lilirudishwa kwenye kamati ili itazamwe zamu za usiku zitakavyopangwa. Wanachama wanaotaka kujiandikisha wamwone katibu wa kundi siku ya Alhamisi, wala wasiogope kelele watakayoisikia ngazini.)